Pini Tatu Mgongoni

Jiwe alikuwa na mimba ya wiki kumi na moja, na kwenye tamthilia alikuwa tasa. Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Mtu wa kwanza kuigundua pale studio alikuwa Fundi, mshona nguo, na aliigundua kwa futi.

Kila Jumatatu asubuhi Fundi aliwapima waigizaji wakubwa wote kabla hawajanywa chai. Kifua, kiuno, nyonga. Vipimo aliviandika kwenye daftari nene lenye jalada jeusi, na pembeni ya kila nguo alibandika kipande cha kitambaa chake. Kwa miaka sita kiuno cha Jiwe kilikuwa inchi ishirini na tisa. Jumatatu hiyo futi ilisema thelathini na nusu. Fundi akaitoa, akaizungusha upya, akavuta. Ikasema vile vile.

"Dada, wikendi ulialikwa wapi?"

"Andika ishirini na tisa, Fundi."

"Futi haijasema hivyo."

"Futi haina mdomo. Mdomo unao wewe. Andika."

Fundi akamwangalia usoni, akashusha macho hadi pale futi ilipokuwa, kisha akaangalia ukuta. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na shule aliiacha mapema, lakini mwili wa mtu aliusoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Akaandika ishirini na tisa. Ulikuwa uongo wa kwanza kwenye daftari lile.

Jina la Jiwe halikuwa lake. Alipewa na mama mkwe wake kwenye tamthilia, sehemu ya tatu kabisa, mezani, mbele ya wageni: "Mwanangu ameoa jiwe." Watu wakalidaka. Tangu hapo hata mlinzi wa getini alimwita Jiwe, na jina lake la kweli likabaki kwenye mkataba tu. Tamthilia ilionyeshwa kila Ijumaa saa moja na nusu jioni, na kila Jumamosi wanawake walimshika mkono dukani wakimwambia avumilie. Mmoja alimpa dawa kwenye chupa ya soda. Daktari mmoja, daktari wa kweli mwenye hospitali yake, alimpa kadi na kumwambia aje bure.

Mke wa Fundi ndiye alikuwa amezidi. Alimwombea Jiwe kwa jina hilo hilo. Fundi alimweleza mara mia kwamba yule dada ana mume mzuri, mwalimu wa hesabu, na kwamba mkwe wake wa kwenye televisheni ni bibi mpole anayefuma soksi kwenye kona wakati wa mapumziko.

"Wewe unajua nini?" mkewe alimjibu. "Wewe ni wa nguo tu."

Mchana wa Jumatatu ile Jiwe alikuja chumba cha nguo, akafunga mlango, akakaa juu ya kikapu cha nguo chafu.

"Hii ni ya tatu," alisema. "Mbili zilishaondoka. Ya kwanza niliitangaza mpaka kwa muuza magazeti. Ikaja kutoka, nikawa naenda kwa mtu mmoja mmoja natangua. Mpaka leo kuna shangazi wa mume wangu ananiuliza mtoto anaendeleaje. Sitaki tena. Hii ataijua mume wangu, na wewe kwa sababu ya hiyo futi yako. Basi."

"Na mkataba?"

Mkataba ulikuwa na kifungu. Mwili wa mwigizaji usibadilike bila ruhusa ya ofisi. Ukibadilika, ofisi inaweza kumtoa. Wiki kumi na moja zilibaki kabla ya likizo ya kila mwaka ya miezi mitano, na siku ya mwisho ya kurekodi ndiyo siku ya kusaini mkataba mpya.

"Nizuie nisionekane wiki kumi na moja," alisema Jiwe. "Nitazaa ndani ya likizo. Nikirudi nitakuwa nimenenepa kidogo tu, utalegeza mishono. Na ukibanwa, sema hukujua. Mimi nitasema nilijibana mwenyewe."

Fundi akakubali. Hakuna aliyemlazimisha. Alimpenda yule dada kama mdogo wake wa tumbo moja, na pia, tuseme ukweli, kazi yenyewe ilimchokoza. Kuficha tumbo mbele ya kamera si jambo la fundi wa mtaani.

Ugumu wake ulikuwa hivi. Nyumba ya mkwe haikuwa nyumba. Ilikuwa ghala la zamani lenye kuta za mbao zilizowekwa juu ya magurudumu. Kusimamisha jiko kulichukua nusu siku, kwa hiyo jiko likishasimama walirekodi mambo yote ya jikoni ya wiki sita kwa mpigo, kisha wakalibomoa na kusimamisha sebule, kisha chumba cha kulala. Jiwe angeweza kulia jikoni kwa tusi ambalo mkwe wake angelitoa sebuleni mwezi unaofuata. Watu waliozoea hawakuona ajabu. Lakini tumbo halingoji ukuta. Mwanamke angetoka jikoni na wiki kumi na mbili, afike korido na wiki kumi na nane, na kwa mtazamaji ni hatua moja.

Fundi akaanza. Alitia marinda mbele, akatafuta vitambaa vyeusi na vya kijani kilichoiva, akampa sweta refu lenye mifuko mikubwa. Zaidi ya yote alimpa beseni la nguo. Kuanzia hapo Jiwe hakusimama mahali bila beseni limekaa mbele ya tumbo.

"Huyu mwanamke anafua nguo za nani?" Mwongozaji aliuliza siku moja. "Nyumba ina watu watatu."

"Mkwe wake ni mchafu," alisema Fundi.

"Nimekusikia, baba!" bibi aliyecheza mkwe alijibu toka kwenye kona yake, bila kuacha kufuma. "Uchafu wangu umekupa kazi."

Yule bibi alikuwa amekula chumvi nyingi na hakuna kilichompita. Wiki ya nne alimwita Jiwe, akampa jozi ya soksi za pamba, ndogo kama vidole gumba viwili, akasema, "Uzi ulibaki. Mwenye mguu mdogo atavaa." Hakuuliza na hakuongeza.

Ilipofika wiki ya kumi na nane ya mimba, ikaja zamu ya korido.

Onyesho lilikuwa fupi, la sehemu ya mia moja sabini na moja. Jiwe anatoka jikoni alikotukanwa, anapita koridoni, anasimama dirishani, anafuta machozi, anaingia chumbani. Basi. Jikoni alikuwa amevaa gauni la kijani, kwa hiyo koridoni lazima liwe lile lile. Fundi alikuwa amelifumua pembeni na kuongeza inchi nne kwa kitambaa cha pindo, likaanguka mbele kama pazia. Beseni pale lisingesaidia, maana mtu hafuti machozi kwa mikono miwili huku ameshika beseni. Lilibidi liwekwe chini. Fundi alilijua hilo. Ndiyo maana akalifumua gauni.

Jiwe akasimama mahali pake, na Fundi akaenda nyuma yake kumkagua. Mgongoni gauni lilining'inia kama gunia. Miaka kumi na tisa Fundi alikuwa akifanya kitu kimoja kila alipoona nguo imening'inia: anakusanya kitambaa nyuma, anakunja, anabana kwa pini, na mbele nguo inakaa kama imemwagwa mwilini. Kamera haioni mgongo. Mafundi wote wa studio hufanya hivyo, na mkono ukishajifunza haumwombi mtu ruhusa.

"Tayari!" alisema Mwongozaji.

Mkono wa Fundi ukakunja. Pini mbili juu, moja chini. Akarudi nyuma ya kamera.

Jiwe akatoka mlangoni, akaweka beseni chini, akasimama ubavu mbele ya dirisha. Nyuma ya dirisha kulikuwa na taa kubwa iliyokuwa ikicheza jua. Akafuta machozi. Machozi yalikuja yenyewe siku hiyo, bila dawa ya kitunguu, na wote waliokuwepo waliangalia machozi. Mwongozaji akasema safi, ukuta unaofuata.

Fundi alikuja kugutukia pini pale alipozitoa. Alikuwa amesimama nyuma ya Jiwe, zote tatu kiganjani. Jiwe alikuwa anakunywa maji. Mafundi wa mbao walishaanza kusukuma korido. Neno moja lingetosha: turudie. Lakini Mwongozaji angeuliza kwa nini, na jibu la kweli lingemwaga siri, na jibu la uongo hakuwa nalo karibu. Akazichomeka pini kwenye kola ya shati lake, mahali zinapokaa siku zote.

Wiki mbili baadaye, Ijumaa, alikaa sebuleni kwake na mkewe. Sehemu ya mia moja sabini na moja ikaanza. Jiwe akatukanwa jikoni, tumbo bapa kama meza. Jiwe akatokea koridoni.

Mkewe akasimama.

"Ana mimba!"

"Kaa chini."

"Fundi, ana mimba! Si umeona? Ona! Ona hilo! Mungu wangu, amebeba na hajamwambia mtu!" Akapiga makofi, kisha mikono ikasimama hewani. "Lakini mume yuko safarini."

Mume wa kwenye tamthilia alikuwa safarini tangu sehemu ya mia moja na arobaini, zaidi ya mwaka. Nyumba ya jirani walikuwa wameanza kupiga kelele na wao.

Jumamosi hakukuwa na mazungumzo mengine mjini. Kinyozi aliyemnyoa Fundi alikuwa na hakika ni ya shemeji anayeishi nao kwenye tamthilia. Wateja wawili waliokuwa wakingoja walisema ni ya daktari wa humo humo kwenye tamthilia, na mmoja wao alikuwa tayari kugombana. Simu za kituo zililia mpaka mpokezi akazilaza chini. Hakuna aliyesema gauni limebana vibaya. Waliona tumbo, na tumbo wakaliamini.

Jumatatu Fundi hakupima mtu. Waliitwa ofisini: Prodyuza, Mwongozaji, Mwandishi, Jiwe, Fundi na Mzee wa Taa. Prodyuza alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, ambaye hasira yake ilionekana kwenye kalamu tu. Aliifungua na kuifunga.

"Ni kweli?" alimwuliza Jiwe.

"Kweli. Wiki ya ishirini."

"Nani alijua?"

"Hakuna. Nilijibana mwenyewe. Fundi hakujua."

Alitimiza alichoahidi. Fundi akafungua daftari, akaonyesha: ishirini na tisa, ishirini na tisa, ishirini na tisa, Jumatatu tisa mfululizo.

"Sasa mimi sielewi," alisema Mwongozaji. "Wiki zote hizi hatukuona kitu. Jikoni hakuna, sebuleni hakuna. Koridoni likatoka tumbo kama limeitwa. Pale koridoni kulikuwa na nini?"

Fundi alikuwa na nafasi hapo, nafasi nzuri, na kila mtu alikuwa akimwangalia.

"Ni taa," alisema. "Ilikaa nyuma ya dirisha. Imemchora."

Mzee wa Taa alikuwa mtu asiyesema sana. Alivua kofia.

"Taa ya dirishani iko pale pale miaka sita," alisema. "Nimeifunga kwa mikono yangu. Imemchora leo?"

"Leo ndiyo kuna cha kuchora," alisema Fundi.

Mmoja akacheka, nadhani Mwandishi, na kicheko kikafunga kesi. Mzee wa Taa akavaa kofia. Mwisho wa mwezi unga wake ukamwagika. Walisema wanataka mtu mwenye macho ya kisasa.

Jiwe hakucheka. Alikuwa amegeuza shingo akimwangalia Fundi, na aliendelea kumwangalia kwa muda ambao Fundi aliona ni mrefu. Kisha akaangalia mikono yake mwenyewe.

Prodyuza akafunga kalamu. "Sasa nisikilizeni. Ijumaa tumeangaliwa kuliko siku yoyote tangu tuanze. Simfukuzi mtu mwenye mimba inayoangaliwa na nchi nzima. Jiwe ana mimba. Likizo imefutwa, tunaendelea wiki kumi. Mwandishi, mtafutie baba."

Mwandishi akamtafutia. Mume alikuwa amerudi siku moja kwa siri, bila mama yake kujua, akaondoka alfajiri. Watu walilalamika lakini walimeza.

Kwa Jiwe zile zilikuwa wiki nane nzuri. Beseni likatupwa stoo. Fundi alimshonea magauni ya wazi, yenye mkanda chini ya kifua, na Jumatatu aliandika namba za kweli: thelathini na nne, thelathini na tano na nusu. Jiwe aliweka mkono juu ya tumbo mbele ya kamera, na Mwongozaji alimsifu kwa kuigiza vizuri. Bibi aliyecheza mkwe alipata shida kumtukana.

"Mwanangu, geuka upande wa pili," alimwambia. "Nikiliona tumbo maneno yananigoma."

Ila na Fundi mambo yalikuwa yamepoa. Jiwe alikuja, akapimwa, akasema asante. Zamani alikuwa akikaa kwenye kikapu cha nguo chafu na kupiga domo mpaka aitwe. Sasa hakukaa. Mara mbili tatu alisimama mlangoni baada ya kipimo kama mtu aliyesahau kitu.

"Kuna lolote, Fundi?"

"Hakuna, dada. Salama tu."

"Haya."

Wiki ya ishirini na nane zilikuja kurasa mpya. Prodyuza alikuwa ameamua kwamba mtoto asizaliwe hai. Alieleza bila kuficha, na kwa upande wa biashara hakukosea: Jiwe akizaa, mkwe hana neno la kumwambia, na jina lenyewe linakufa. Watu huangalia furaha wiki mbili tu, ya tatu wanabadilisha stesheni.

Jiwe alimfuata Mwandishi koridoni, korido ya kweli, ile ya ofisi.

"Kaka yangu, nakuomba. Muueni mtoto mkitaka, lakini ningojeni nizae kwanza. Nikizaa nitalia mtakavyo. Nitalia mpaka mseme basi."

"Wodi tumeikodi siku moja, dada. Alhamisi. Unajua tunavyofanya kazi, mambo yote ya hospitali ni Alhamisi."

"Mimi nimeshawahi kulala kwenye hiyo wodi kweli. Mara mbili."

"Si utaigiza vizuri basi," alisema Mwandishi, na papo hapo akatamani kuyarudisha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kurasa sita za kumaliza.

Kazi ya kutengeneza mtoto ikaenda kwa Fundi. Kwenye karatasi iliandikwa: kichanga kilichofungwa, kitambaa cheupe, uso usionekane. Fundi angeweza kukunja taulo. Wengi wangekunja taulo. Lakini furushi lisilo na uzito hubebwa vibaya, mikono inajisahau, mtazamaji anajua. Kwa hiyo alishona kifuko cha kichwa na kifuko cha mwili, akatia pamba, na ndani ya pamba vifuko vya mchanga, kilo mbili na robo. Shingo aliilegeza makusudi, ili mtu akibeba alazimike kuishikilia. Akafunga kwa flaneli nyeupe. Ilikuwa kazi safi. Akaiweka mezani, akageukia pasi.

Jiwe aliingia Jumatano saa nne kuja kujaribu gauni la hospitali. Hakugonga.

"Cha nani hicho?"

"Cha kesho," alisema Fundi.

Akakiinua. Mkono wake wa kushoto ulienda wenyewe chini ya shingo.

"Kina uzito."

"Nimetia mchanga. Bila uzito mikono inadanganya."

"Kilo ngapi?"

"Mbili na robo."

Akakibeba hapo kwa muda. Pasi ilikuwa ikitoa mvuke. Kisha akakilaza mezani taratibu, kama kitu kilichosinzia, akavuta pembe ya flaneli ikakaa sawa. Akavua pete ya ndoa ya mumewe wa kwenye tamthilia, akaiweka pembeni.

"Fundi, kuna kitu unataka kuniambia?"

Maneno yalikuwepo. Yalikuwa machache na mepesi, kama sita hivi.

"Gauni la kesho liko tayari," alisema.

"Haya. Mwambie Mwongozaji nimekwenda nyumbani."

Hakurudi. Alhamisi walipiga simu mpaka saa tano, kisha Prodyuza akasema wodi haiwezi kukaa bure. Wakamlaza kitandani mpokezi wa simu, ambaye alikuwa na urefu ule ule, wakamfunika shuka mpaka juu ya kichwa, na Mwandishi akaandika ukurasa mmoja akiwa amesimama. Mtoto hakupona, na mama naye hakupona. Ilikuwa rahisi zaidi. Fundi alibana shuka pembeni kwa pini ili lisitambae mpokezi akipumua.

Bibi aliyecheza mkwe alipiga magoti kando ya kitanda, furushi mikononi. Kwenye kurasa aliandikiwa ajute. Alijuta dakika nne bila kukatishwa, na Mwongozaji aliposema safi hakunyanyuka.

"Miaka sita namtukana," alisema, bila kumlenga mtu. "Leo namlilia shuka."

Sehemu hiyo ilipoonyeshwa, mke wa Fundi alizima televisheni kabla haijaisha na hakuiwasha siku tisa. Majirani walikuja kukaa naye, wanawake wanne, viti vikaazimwa. Walisema Jiwe alikuwa mtu mzuri. Fundi alipita katikati yao akienda jikoni kunywa maji, na mmoja akamshika mkono akasema pole, ulimfahamu. Akaitikia.

Miezi minne baadaye, Jumapili mchana, Fundi alikwenda kwa Jiwe. Alikuwa ameshona gauni la mtoto, jeupe, lenye kola ya duara. Mwalimu wa hesabu alimfungulia, akamwonyesha kiti, akaingia ndani na rundo la madaftari ya wanafunzi. Jiwe alitoka na mtoto begani. Msichana, wa miezi miwili, mwenye kisogo kikubwa na soksi za pamba miguuni zilizokuwa zimeanza kubana.

Waliongea habari za afya. Mtoto alizaliwa na kilo tatu na gramu mia mbili, analala mchana, usiku ni fujo. Fundi akatoa gauni. Jiwe akalinyoosha juu ya mgongo wa mtoto, likaishia kwenye mbavu.

"Hukumpima," alisema.

"Nilikisia."

"Wewe, Fundi? Ulikisia?" Akacheka kidogo, kicheko chake cha zamani, kikaisha.

Fundi akaweka mikono juu ya magoti.

"Dada, ile siku ya korido haikuwa taa."

"Najua."

"Nilibana gauni nyuma."

"Pini tatu," alisema Jiwe. "Mbili juu, moja chini. Ya chini ilikuwa inanigusa. Fundi, gauni nilikuwa nimelivaa mimi. Ungebana mgongo wangu mimi nisijue?"

"Mbona hukusema?"

"Pale pale sikuona ajabu, umenibana mara elfu. Niliona ajabu ofisini, uliposema taa. Nikasema ngoja, ana aibu, atakuja kuniambia mwenyewe. Nikangoja wiki nane. Nilikuwa nasimama mlangoni kwako kama ombaomba." Akambadilisha mtoto bega. "Kosa ningekusamehe siku ile ile. Mkono ni mkono. Ila yule mzee alivua kofia yake mbele yako, ukatania."

"Nimemtafuta. Amehama."

"Haya."

Mtoto akacheua. Jiwe akachukua gauni jeupe lililokuwa karibu, akamfuta nalo mdomo, bila hila yoyote, kwa sababu lilikuwa karibu. Kisha akasimama, na Fundi akajua ni wakati wa kwenda.

Pini tatu ziligharimu hivi. Mzee wa Taa alipoteza kazi ya miaka ishirini na mbili, na nyumba aliyokuwa amepanga karibu na kazi. Jiwe aliishi miaka sita na sehemu mia moja themanini na moja, akafa chini ya shuka akiwa na mwili wa mpokezi wa simu. Mtoto wake wa mchanga yuko stoo, rafu ya tatu, na ameshatumika kwenye tamthilia nyingine mbili. Aliyemcheza Jiwe hajapata kazi nyingine ya kamera; ofisi tatu zimemwambia watu walishamzika, hawatapenda kumwona anatembea. Sasa anafundisha kusoma kwa sauti kwenye shule ya mumewe, siku mbili kwa wiki. Bibi mkwe alidumu miezi miwili, maana mkwe asiye na wa kumtukana hana kazi. Alirudishwa nyumbani na mfuko wake wa uzi. Tamthilia ilikufa kabla mwaka haujaisha.

Fundi hakupoteza kazi. Alihamishiwa tamthilia nyingine, ghala lile lile, kuta zile zile zimepakwa rangi mpya. Mkewe hamwulizi tena habari za studio. Kila Jumatatu anapima kifua, kiuno, nyonga, na anaandika futi inachosema. Watu wanapimwa, wanasema asante, wanaondoka. Juu ya kikapu cha nguo chafu hakuna anayekaa. Pini zote tatu anazo.